Lebo ya Kampala iliyopeleka singeli duniani: mambo matano kwa muuzaji wa mtandaoni



Mimi nipo Nanyala, huku Songwe. Nauza vitenge mtandaoni, mzigo nafuata Tunduma. Swali ninaloulizwa sana ni hili: "Nikiuza kitu ambacho watu hawajakizoea, nitadumu kweli?" Leo nalijibu kwa mfano wa biashara ya muziki.

Kampala kuna lebo ndogo ya muziki wa kielektroniki, Nyege Nyege Tapes. Najua, kwa Kiswahili jina lina ukakasi! Kwa Kiganda ni ile hamu ya kucheza inayokushika ghafla. Waanzilishi ni Arlen Dilsizian na Derek Debru. Hawakuanza na lebo. Walianza na disko la mjini Kampala, mwaka 2015 wakafanya tamasha Jinja, kando ya Mto Nile, ndipo lebo ikafuata. Yaani wateja walikuwepo kabla ya duka.

Sasa tuone walichofanya.

1. Waliuza ambacho wengine hawakukithamini.
Singeli ni muziki wa uswahilini Dar, mapigo 200 na zaidi kwa dakika. Wapo walioona ni kelele za vigodoro tu. Lebo ikaenda Mburahati, studio ya Sisso, na mwaka 2017 ikatoa mkusanyo wa "Sounds of Sisso". Baadaye vijana wale wakapanda majukwaa ya Ulaya. Mteja wako huenda hayupo mtaani kwako. Mtafute aliko.

2. Walimtaja fundi.
Angalia jina la mkusanyo: ni la studio, siyo la lebo. Mwaka 2019 Jay Mitta akatoa "Tatizo Pesa" (jina tunalolielewa wote hapa!) na jina lake likawa mbele. Ukiuza kikapu au kiatu cha fundi wako, mtaje na mlipe vizuri. Fundi akiona anafaidika, kesho hampelekei mwingine mzigo.

3. Walianza na mzigo mdogo.
Neno "Tapes" ni kaseti. Kaseti zilitolewa chache, na muziki uleule ukauzwa mtandaoni, ambako hakuna stoo wala mzigo kudoda. Wewe pia chukua pisi chache, piga picha nzuri, pokea oda, ndipo uongeze.

4. Duka jipya kwa bidhaa mpya.
Mwaka 2018 walifungua lebo ndogo, Hakuna Kulala, kwa muziki wa klabu. Hawakuchanganya kila kitu sehemu moja. Leo vitenge, kesho sufuria, keshokutwa dawa ya mende: mteja anashindwa kujua wewe ni nani.

5. Walijua makato.
Wanauza kupitia Bandcamp, ambayo kwa kawaida hukata asilimia 15 kwenye muziki wa mtandaoni na asilimia 10 kwenye bidhaa za kushika. Wewe je? Toa ada ya kutuma na kutolea pesa, kifungashio na nauli ya basi, ndipo upange bei. Kitenge cha 25,000 chenye gharama za 4,000 siyo cha 25,000. Ni cha 21,000, na bado hujatoa hela ya mtaji.

Misukosuko pia ilikuwepo. Mwaka 2018 waziri mmoja alitaka tamasha lao lipigwe marufuku, na mwaka 2022 Bunge la Uganda likataka lisimamishwe. Mara zote mbili serikali iliruhusu, na lebo ikaendelea kutoa kazi. Wangetegemea mlango mmoja tu wa kipato, kila tangazo la marufuku lingekuwa msiba.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo, kitu kisichozoeleka kinadumu, ila kinataka subira na hesabu. Wengi wetu tunafunga ukurasa mwezi wa tatu, kabla mteja wa mbali hajatufikia.

Leo kabla hujalala, andika bidhaa moja uliyonayo ambayo jirani yako hana, na jina la anayeitengeneza. Kesho iposti hiyo. Uza nini wewe? Tuambie hapo chini tujuane.