Maji Matamu Juu ya Maji ya Chumvi (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliyafuata maji tangu yanapopaa kwa mvuke kutoka baharini hata yakarejea kwa mvua, tukayaacha pale yanapozama ardhini. Leo muradi wetu ni kuyafuata huko huko chini, na mahali tutakapoyatazama ni kisiwa cha Unguja. Kwani kisiwa hicho hakina ziwa wala mto mkubwa, na baadhi ya vijito vyake humezwa na mawe kabla ya kuiona bahari, hata ikawa karibu maji yote wanywayo watu wake hutoka katika visima na chemchemi.

Upande wa magharibi, penye mashamba ya mikarafuu na minazi, udongo ni mzito na mvua huzama taratibu. Bali mashariki, katika nchi ya uwanda, udongo ni haba juu ya jiwe la matumbawe lililojaa nyufa na mapango, na mvua ya masika haipati kutuama, hupita mara moja. Hupita kwenda wapi? Bahari nayo imekwisha penya chini ya kisiwa kutoka pande zote, basi maji ya mvua yashukapo huyakuta ya chumvi yametangulia. Walakini hayachanganyiki yote, kwa sababu ya uzito: mita moja ya ujazo ya maji matamu ina kilo 1,000, na ya maji ya bahari ina takriban kilo 1,025, kwa hiyo yale mepesi huelea juu ya yale mazito mfano wa mafuta juu ya maji, ila kwamba mpakani mwao pana tabaka la maji ya magadi-magadi, nene mahali pengine na jembamba mahali pengine.

Tofauti hiyo ya 25 katika 1,000, yaani moja katika arubaini, yaonekana ndogo, na ndiyo yenye kuhukumu kila kitu. Mholanzi Badon Ghijben mwishoni mwa karne ya 19, na baada yake Herzberg, aliyeandika mwaka 1901 juu ya visiwa vya pwani ya Ujerumani, walibainisha ya kwamba kwa kila mita moja ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, ziko mita 40 hivi za maji matamu chini ya usawa huo. Hiyo ni rehema kubwa, lakini hesabu hiyo hiyo yasomeka kinyume: ukiyashusha maji ya juu kwa mita moja, chumvi ya chini, mizani itakapotulia, itapanda mita 40. Na chini ya kisima kinachovutwa kwa nguvu mahali pamoja, chumvi huinuka mfano wa kilima hata ikaufikia mdomo wa bomba, na hapo sehemu mbili tu za maji ya bahari katika mia zatosha kuyatia maji ladha ya chumvi.

Wazee wa pwani hawakuandika hesabu hii, lakini visima vyao viliitii. Vilikuwa vifupi, vimetawanyika, vyachotwa kwa ndoo na kamba, na katika vijiji vya karibu na bahari watu waliona maji ya kisima yakipanda na kushuka kwa kujaa na kupwa, wakajua wakati wa kuchota na wakati wa kungoja. Mji wa Unguja wenyewe ulikuwa na dhiki ya namna nyingine, nayo ni uchafu wa maji. Kipindupindu cha miaka ya 1869 na 1870, ambacho tabibu James Christie alikieleza katika kitabu chake cha 1876, kiliua watu wengi mno. Na Sayyid Barghash bin Said, Sultani aliyetawala tangu 1870 hata 1888, ndiye aliyeleta mjini maji ya chemchemi iliyo nje ya mji, kazi ambayo kwa maoni yangu yapita kwa manufaa majumba yote aliyoyajenga.

Hatari ya zama zetu imekuja pamoja na mashine. Tangu miaka ya 1990 hoteli zimejipanga ufukoni mwa mashariki, yaani pale pale ambapo maji matamu ni membamba kuliko kwingine kote, na nyingi huchimba visima vyao wenyewe. Utafiti wa Stefan Gössling uliochapishwa mwaka 2001 ulikadiria lita 685 kwa mgeni mmoja kwa siku, na sehemu kubwa zaidi ya hizo ilikwenda katika kumwagilia bustani. Bustani! Mimea isiyo ya uwanda, juu ya jiwe lisiloweza kuyazuia maji, yanyweshwa kwa maji ambayo mwanamke wa kijiji jirani ayangojea kwa foleni. Siwezi kuliandika hili bila uchungu. Na jiwe lile lile lipitishalo mvua kwa upesi hupitisha pia maji machafu ya mashimo ya vyoo, kwa kuwa hayapati udongo wa kuyachuja.

Upande wa mjini hasara huja kwa njia nyingine: kila uwanda unaosakafiwa na kila kichaka kinachokatwa kuzunguka msitu wa Masingini, ambao hulinda maji ya chemchemi za karibu na Bububu, hupunguza mvua izamayo na kuzidisha ile ikimbiliayo baharini. Dawa zajulikana nazo si ghali kuliko madhara. Visima vya pwani na viwe vingi vya kuvutwa kidogo kidogo badala ya kimoja cha kuvutwa usiku na mchana. Chumvi ya visima hivyo ipimwe kila mwezi na kipimo kitangazwe kijijini. Na kila hoteli ishurutishwe kujenga birika la mvua, kama yalivyokuwamo mabirika katika misikiti na majumba ya zamani ya pwani hii. Kisima kikisha ingia chumvi hakiponi kwa kufungwa siku chache, kwani ni mvua peke yake iwezayo kuisukuma bahari irudi, nayo huifanya kazi hiyo kwa miaka.

Katika sehemu ya tatu tutavuka kwenda bara, tuutazame mto Ruaha Mkuu, ambao tangu mwaka 1993 umekuwa ukikatika ndani ya hifadhi wakati wa kiangazi, ilhali zamani ulikuwa ukipita mwaka mzima.