Jino na Chombo: Ni Kipi Kijuacho Mahindi Makavu?

Mkulima, wakati wa kuingiza mahindi ghalani, wajuaje kama yamekauka? Wengi huuma punje moja. Ikivunjika kwa mlio, basi, magunia hufungwa. Njia hii ni ya zamani wala si ya kudharauliwa, kwa maana jino halikosei kati ya punje mbichi na kavu. Lakini haliwezi kutenganisha mahindi yenye maji 16 kwa mia na yale ya 13.5 kwa mia, na hapo ndipo penye hatari.

Kipimo kitakiwacho Kenya ni maji yasiyozidi 13.5 kwa mia. Yakizidi, kuvu huweza kuota ghalani, na kuvu wengine hutoa sumu iitwayo aflatoksini. Mwaka 2004 sumu hiyo iliua watu 125, wengi wao wa Makueni na Kitui, na mahindi mengi waliyokula yalitoka katika mashamba yao wenyewe. Haina ladha wala harufu, na kuyapika mahindi hakuiondoi.

Wengine hutia mkono ndani ya gunia. Yafaa ujue kwamba ngozi ya mwanadamu haina mahali pa kuhisi maji yenyewe. Huhisi baridi na mguso tu, nasi tukasema ni maji. Ndiyo sababu nguo iliyoanikwa, ukiigusa jioni ya baridi, hujui kama ni mbichi au imepoa tu.

Chombo cha kupimia unyevu hufanya kazi kwa njia nyingine. Umeme kidogo wa betri hupitishwa penye punje. Maji huuitikia umeme kuliko wanga mkavu. Kadiri yalivyo mengi ndivyo umeme unavyobadilika, na chombo huonyesha tarakimu. Hakichoki, wala hakina haraka ya kwenda sokoni.

Hata hivyo ni kipofu kwa mengine yote. Usipokiweka kwenye alama ya mahindi, kitakudanganya. Punje zenye moto wa jua hupotosha tarakimu, kwa hiyo ziache zipoe kwanza katika mkebe uliofunikwa. Usipime konzi moja ya juu tu. Chukua kwa bambo juu, katikati na chini ya magunia kadhaa, uchanganye. Dumuzi na punje zilizooza hakizioni. Hiyo ni kazi ya macho, na uvundo ni kazi ya pua.

Kama hamna chombo katika chama chenu, tumia chumvi. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa kavu ya kioo, tia vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funga, tikisa vizuri, kisha ngoja dakika 15. Chumvi ikigandama ukutani mwa chupa, maji yamezidi 15 kwa mia. Isipogandama, yamepungua chini ya hapo, lakini hujafika bado 13.5 kwa hakika. Endelea kuanika kwenye turubai, si juu ya udongo.