Darubini za Macho Mawili za Bei ya Kati: Vigezo vya Kuzilinganisha kwa Utafiti wa Uwandani

Neno darubini katika Kiswahili hutumika kwa chombo cha kutazamia nyota na pia kwa kile cha macho mawili ambacho watafiti wa ndege na wanyamapori huning'iniza shingoni. Makala haya yanahusu hicho cha pili, hususani kinachouzwa kwa takriban dola 200 hadi 300 za Marekani. Uchaguzi wake si jambo la starehe. Mtafiti anayehesabu ndege katika misitu ya Usambara Mashariki hupata sekunde chache tu kabla ndege hajajificha, na ndege asiyeonekana vizuri hukosekana katika takwimu au, kibaya zaidi, huandikwa kwa jina la spishi nyingine.

Kila darubini huwa na namba mbili, kwa mfano 8x42. Ya kwanza ni kiwango cha ukuzaji. Ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Wanunuzi wengi hudhani kuwa 10x42 ni bora kuliko 8x42 kwa kuwa 10 ni kubwa kuliko 8. Hata hivyo, kipenyo kikigawanywa kwa ukuzaji hupatikana upana wa mwale unaofika jichoni, yaani milimita 5.25 kwa 8x42 na 4.2 kwa 10x42. Juani mboni hubana na tofauti hiyo haihisiki. Alfajiri, chini ya miti iliyofungamana, mboni hupanuka na tofauti huonekana. Aidha, ukuzaji hukuza mtetemo wa mikono pamoja na taswira.

Darubini nyingi za kundi hili zina mirija iliyonyooka, na prizimu zake huhitaji utando wa kuakisi mwanga pamoja na utando wa kurekebisha awamu za mawimbi yake. Prizimu za Porro, zenye umbo la kizamani lililopanuka mabegani, hazihitaji tando hizo. Ndiyo maana darubini ya Porro ya bei ndogo huweza kuishinda ya mirija iliyonyooka ya bei hiyohiyo. Katika bei ya kati tando zote mbili zimekuwa jambo la kawaida, kwa hiyo tofauti itafutwe kwingine. Herufi HD zinazoandikwa ubavuni hazisaidii, kwani hazina kipimo kinachowafunga watengenezaji wote.

Vortex Diamondback HD 8x42 na Nikon Monarch M5 8x42 zinalihakikisha hilo. Ya kwanza huonesha nyuzi 7.5 za mandhari, ya pili 6.4. Kwa ndege aliye umbali wa mita 20, hizo ni mita 2.62 dhidi ya 2.24. Sentimita 38 hizo ndizo zinazoamua iwapo ndege anayerukaruka matawini atapatikana upesi. Vortex pia huona kwa ukaribu wa mita 1.5, Nikon mita 2.5, jambo linalowahusu wachunguzi wa vipepeo.

Hata hivyo, mtafiti avaaye miwani ana sababu ya kuichagua Nikon. Nafasi kati ya lenzi na jicho ni milimita 19.5, ilhali kwa Vortex ni 17, na ukingo wa mpira hupunguza sehemu ya nafasi hiyo. Miwani ikilisukuma jicho nyuma kupita kiasi, kingo za mandhari hukatika, na upana uliolipiwa hauonekani.