Nani Ameupunguza Mwendo Uchumi Wetu?

Katika mijadala ya Chama cha Kiswahili mwaka huu, hakuna hoja iliyozua kelele kama ile iliyosema kwamba kupungua kwa ukuaji wa uchumi wa Kenya kunasababishwa na mambo ya nje kuliko ya ndani. Kengele ya kwenda nyumbani ililia na mikono bado iko juu. Kwa vile muda haukutosha, naomba nafasi hapa nifafanue pande zote mbili, kisha niseme ninavyoona mimi.

Kwanza tuelewane maneno. Wengi walidhani ukuaji ukipungua basi nchi imerudi nyuma. Sivyo. Ukuaji ni ongezeko la thamani ya bidhaa na huduma zote zinazotolewa nchini kwa mwaka, ukilinganisha na mwaka uliotangulia. Mwaka 2023 uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 5.7, na mwaka 2024 ukakua kwa asilimia 4.7. Yaani matatu ilikuwa bado yaenda mbele, ila dereva alipunguza mwendo. Mwaka 2020, wakati wa korona, uchumi ulipungua kwa asilimia 0.3. Hapo ndipo matatu ilirudi nyuma hasa.

Sasa mtu atauliza, kama yaenda mbele, kelele za nini? Kelele ni kwa sababu watu nao waongezeka. Sensa ya 2009 ilihesabu watu milioni 38.6, na ile ya 2019 ikahesabu milioni 47.6. Sinia la wali likiongezwa kidogo huku walaji wakizidi kuketi, kila mmoja hupata tonge dogo. Tena sinia lenyewe halizunguki sawa. Wako wanaoshika mnofu na wako wanaokomba ukoko.

Tuje kwenye hoja. Waliounga mkono walisema: angalieni kwetu Malindi, Watamu na Kilifi. Tarehe 28 Novemba 2002 hoteli moja ililipuliwa kule Kikambala, na wageni wakaogopa. Mwaka 2014 Uingereza na mataifa mengine yaliwaonya raia wao wasizuru sehemu za pwani yetu, nazo hoteli zikafuta wafanyakazi. Kisha ikaja korona. Machi 2020 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa, na kuanzia Aprili hadi Juni watu walikatazwa kuingia au kutoka Kaunti ya Kilifi. Je, mpishi wa hoteli au dereva wa tuktuk alikosa nini? Aidha, bei ya mafuta ya petroli huamuliwa kwenye masoko ya ng'ambo. Ikipanda huko, nauli ya kwenda Mombasa nayo hupanda, na hata bei ya unga dukani hupanda.

Waliopinga nao hawakulala. Walisema adui yuko nyumbani. Mwaka 2007 uchumi ulikua kwa karibu asilimia 7, lakini baada ya ghasia za uchaguzi ukuaji ukaanguka hadi chini ya asilimia 2 mwaka 2008. Ghasia zile hazikuletwa na meli. Vilevile walitaja kashfa ya Goldenberg ya mwanzoni mwa miaka ya 1990, ambapo fedha za umma zililipwa kwa madai ya mauzo ya dhahabu na almasi ambayo hayakuwa yamefanyika. Kuhusu mwaka 2024, walikumbusha mafuriko ya Aprili na Mei, maandamano ya Juni na Julai kupinga Mswada wa Fedha, na riba kubwa za benki. Riba ikiwa juu, mwenye kutaka kujenga huahirisha, na fundi hukaa kijiweni. Ndiyo maana sekta ya ujenzi ilirudi nyuma mwaka huo. Isitoshe, serikali ikiwa na madeni makubwa, sehemu kubwa ya kodi huenda kulipa deni na riba kabla ya barabara na madarasa kufikiriwa.

Ama kwa hakika, kila upande ulikuwa na ukweli wake. Lakini naona swali lenyewe lilikuwa pungufu. Upepo hupiga nyumba zote kijijini, ila huanguka ile yenye nguzo moja. Nje ndiko hutoka upepo, na idadi ya nguzo ni shauri letu wenyewe.

Ushahidi uko hapa hapa Kilifi. Miaka ya 1970 kulijengwa kiwanda cha korosho mjini. Mkulima alikuwa na mahali pa kuuza korosho zake, na vijana na kina mama walipata kazi ya kubangua. Miaka ya 1990 ilipokuwa ikielekea ukingoni, kiwanda kilifungwa, kikiwa na madeni. Hakikupigwa bomu, wala hakuna mgeni aliyeonywa asile korosho. Baadaye wakulima waliachwa mikononi mwa wanunuzi wa kupita vijijini, na korosho nyingi zikapelekwa India zikiwa ghafi. Mwaka 2009 serikali ilipiga marufuku kuuza nje korosho ghafi, lakini wakati huo mikorosho mingi ilikuwa imezeeka na mingine imekatwa makaa. Wahenga hawakukosea waliponena: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Nguzo ile ilipoanguka, tuliegemea zaidi hoteli. Ndipo kila onyo la ng'ambo likawa msiba kwetu. Hata mwaka wa amani, masika ikifika hoteli kadhaa hufunga milango, na vibarua hurudi nyumbani. Shule yetu ni ya kutwa, na wazazi wengi ni wa hoteli, bahari na mashamba. Msimu ukiwa mbaya, utauona ubaya wake kwenye madawati matupu, maana karo haingoji msimu.

Sisemi utalii uachwe, la! Utalii umesomesha wengi. Nasema usiachwe peke yake. Maembe ya Malindi na Magarini yakiiva kwa pamoja hushuka bei mpaka mengine huoza chini ya miti. Yakikaushwa au kukamuliwa maji hapa hapa, kazi itabaki hapa. Chumvi ya Gongoni na Marereni nayo ipo, na samaki wapo. Linalohitajika ni viwanda vinavyosimamiwa kwa uaminifu, na wakulima wanaolipwa kwa wakati.

Mwenzangu wa kidato cha tatu, mwakani tutaandika KCSE, kisha tutatoka kutafuta kazi katika uchumi huu huu. Ukisikia ukuaji umepungua, usikimbilie kulaumu Ulaya, wala usiseme ni siasa tu. Uliza maswali mawili: ni upepo gani umevuma, na nyumba yetu ina nguzo ngapi? La kwanza tutajibiwa na magazeti. La pili tulijibu wenyewe, kwa sababu mtegemea cha nduguye hufa maskini.