Je, Wajua? Tani 3.5 za kuvuta zina masharti

Pikapu nyingi za dizeli aina ya Toyota Hilux na Ford Ranger hutangazwa kuwa zinavuta hadi kilo 3,500. Hapo ni trela yenye breki zake. Isiyo na breki, kikomo ni kilo 750 tu. Tena, takriban asilimia 10 ya uzito wa trela hukalia ndoano ya gari. Kwa trela ya kilo 3,500, hizo ni kilo 350, nazo huhesabiwa kama mzigo wa pikapu yenyewe. Ongeza abiria watano, bampa la chuma, winchi na hema la juu ya paa (wapenda pori hawajizuii!), springi za nyuma zimeshiba kabla ya dumu la maji. Muuzaji atakusifia injini. Wewe muulize uzito unaoruhusiwa wa gari na trela kwa pamoja.