Programu ya Mizani Haithibitishwi kwa Misimu

Msimu wa kahawa unapokaribia hapa Iyula, viongozi wa vyama vya ushirika huniuliza swali lile lile: "Mtaalamu, hii programu ya kupimia na kulipia imejaribiwa mara ngapi?" Nimechoka nalo, kwa sababu anayeuliza ameshaamua kwamba akitajiwa idadi kubwa atatulia. Hana sababu ya kutulia.

Chukua kazi ndogo kabisa ya kujumlisha namba mbili, kila moja ya biti 32. Jozi zinazowezekana ni bilioni 18 mara bilioni moja. Kompyuta ikijaribu jozi bilioni moja kila sekunde, itamaliza baada ya miaka zaidi ya 580. Na hapo hujagusa makato, wala mtandao unaokatika katikati ya malipo, wala makarani wawili wanaoingiza mzigo wa mkulima mmoja kwa wakati mmoja.

Kisha huja utetezi unaoniudhi zaidi: imetumika miaka, haijawahi kuleta shida. TimSort, programu ya kupanga data, iliandikwa na Tim Peters mwaka 2002 kwa ajili ya lugha ya programu ya Python, baadaye ikaingia lugha ya Java na mfumo wa simu wa Android. Ilikuwa mifukoni mwa watu ulimwenguni kote. Mwaka 2015 watafiti wa Ulaya walikaa kuithibitisha kwa hesabu, mstari kwa mstari. Uthibitisho ukagoma. Walipochunguza walikuta kanuni ambayo programu ilidai kuilinda haikuwa ikilindwa daima. Data ikija kwa mpangilio fulani, nafasi iliyotengwa hujaa na programu ya Java huanguka. Miaka yote ile ya matumizi haikuwa imekionyesha chanzo cha kasoro hiyo. Kutoonekana kwa kasoro katika matumizi hakuthibitishi kitu.

Basi fanyeni hivi. Andikeni masharti kwa Kiswahili cha kawaida: jumla ya stakabadhi ilingane na kilo zilizopokelewa ghalani, mzigo mmoja usilipwe mara mbili, makato yasizidi malipo. Sharti mlilosahau, uthibitisho hautawakumbusha. Fundi ayaandike upya masharti hayo kwa TLA+ au Alloy, lugha za kueleza na kuchunguza mifumo, zote za bure, na kompyuta ipekue kila hali ya mfano mdogo: makarani wawili, wakulima watatu, mtandao unaokatika. Hesabu ya malipo yenyewe iandikwe kwa Dafny, lugha ya programu ambayo hukataa kuipitisha ikivunja masharti. Kurasa za ripoti ziachieni majaribio ya kawaida. Hata katika njia ya 14 ya treni za Paris, iliyofunguliwa 1998, zilithibitishwa sehemu za programu zinazobeba usalama, si kila kitu. Masharti hayo yawe kiambatisho cha mkataba, na fundi asilipwe awamu ya mwisho kabla hajawaonyesha kwamba yametimia.