Kifuniko cha Tangi la Samaki: Maji Hutoka Chini

Mwezi uliopita mzee mmoja wa skimu, upande wa Likoni, alifika ofisini na kipande cha ubao akakiweka juu ya meza yangu bila kusema neno. Upande wa juu ulikuwa na rangi nzuri ya kijani, ikingali inang'aa. Alipokipindua nikaona upande wa chini mweusi, tena laini kama muhogo uliooza, hata kidole kikaingia. "Mwanangu karani," akasema, "nimepaka rangi mara tatu. Kosa langu liko wapi?"

Swali hilo tumeulizwa pia na watu wa Kisauni na Changamwe, basi yafaa tulijibu hapa kwa faida ya wote.

Serikali ilipoanza mwaka 2009 kuchimbisha mabwawa ya samaki, 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140, watu wengi walipata hamu ya kufuga. Lakini mwenye kiwanja kidogo penye mchanga mtupu hawezi kuchimba bwawa likashika maji. Kwa hiyo wengine wamejenga tangi la mbao juu ya ardhi, wakatandika plastiki nene ndani, wakatia perege au kambare. Tangi la namna hiyo halina budi kuwa na kifuniko. Mdiria hula vifaranga mchana, paka huja usiku, na kambare mwenyewe hutoka akatambaa kwenda zake, hasa mvua inaponyesha. Na kifuniko ndicho huoza kwanza, kabla ya tangi.

Sababu yake kila mwenye kupika wali aijua. Funua sufuria, utaona upande wa chini wa kifuniko umejaa matone, hali juu ni kukavu. Tangi la samaki hufanya vivyo hivyo, ila polepole. Maji yakiwa na joto la mchana, na hewa ya alfajiri ikiwa imepoa, mvuke hupanda ukagusa ubao na kugeuka matone. Mvua hunyesha siku kadha wa kadha katika mwaka, bali mvuke wa tangi haupumziki hata siku moja. Mzee wetu alikuwa amejikinga na adui wa mbali, akamwacha aliye chini ya uvungu. Na ile rangi ya juu ilizidisha ubaya, maana maji yaliyoingia kwa chini yalikosa pa kutokea.

Mimi mwenyewe sina haki ya kumcheka. Kifuniko changu cha kwanza nilikitengeneza kwa mbao za mwembe kwa kuwa zilikuwa rahisi, nikapaka upande wa juu tu, tena jioni baada ya kazi. Mwaka ulipoanza, mbao zilivimba kwa chini, na juu hazikuvimba. Kingo zikainuka, ubao ukawa kama mtumbwi, pakapatikana nafasi ya vidole vitatu kila upande. Kambare saba walitoka usiku mmoja. Asubuhi niliokota watatu kwenye majani. Habari za wale wanne nadhani paka wa jirani anazijua.

Sasa fanya jaribio dogo, nawe utaelewa kazi iliyobaki. Chukua vipande viwili vya ubao mmoja mkavu, na sahani mbili zenye chai ya rangi iliyokolea. Kipande kimoja kilaze ubavu, cha pili kisimamishe kwa kichwa, yaani pale ulipokata kwa msumeno. Ngoja saa moja, kisha vipasue. Kile kilicholala chai imegusa ngozi tu. Kile kilichosimama imepanda ndani. Mti ulipokuwa hai ulinyonya maji kwa mishipa iliyosimama, na mishipa hiyo ingali wazi katika kila kichwa cha ubao, na katika kila tundu la parafujo. Ubao ukikaa mkavu, maji yake yasizidi sehemu 20 kwa 100 za uzito wa mti mkavu, kuvu haiwezi kuuozesha. Basi kazi yote ni kuziba njia hizo.

Wazee wa pwani watauliza, kwani majahazi yaliwezaje? Kweli, mafundi wetu walitia kalafati ya pamba katika nafasi za mbao, wakapaka sifa iliyotoka katika maini ya papa, na chini ya chombo wakapaka deheni ya chokaa na shahamu. Dawa hizo zilifaa sana, lakini kwa kazi yake. Chombo kiko baharini, na maji ya chumvi yenyewe huizuia kuvu. Mabaharia wajua kwamba maji ya mvua ndiyo huozesha chombo. Tena sifa ikidondoka baharini haimdhuru mtu. Katika tangi la lita 1,000 itatanda juu ya maji kama utando na kuzuia hewa isiingie, na samaki watakuja juu wakihema. Deheni nayo ina chokaa, ambayo huyageuza maji yakawa makali. Sifa tuwaachie wenye mashua.

Kwa kifuniko chagua mbao za mvule ukiweza. Za msonobari zafaa pia zikiwa kavu. Za mwembe na mvinje huoza upesi. Mabaki ya nguzo zilizotiwa dawa, zenye rangi ya kijani kibichi, usiyatumie kabisa, kwa kuwa dawa ile ina shaba na zaranika ndani yake. Ili kujua kama ubao umekauka, upime asubuhi kwa mizani ya duka, siku baada ya siku. Uzito ukikoma kupungua, umekauka. Wakati mwema wa kazi hii kwetu ni Januari na Februari, kaskazi inapovuma. Usipake jioni, maana unyevu wa usiku huharibu vanishi ikawa na weupe.

Kata mbao zote na kutoboa matundu yote kwanza, kabla ya kuunganisha. Ukiunganisha kwanza, vichwa vitajificha ndani ya maungio na brashi haitavifikia tena. Kisha paka vanishi ya poliyurethani au epoksi ya sehemu mbili kila upande: juu, chini, mbavuni na vichwani. Koti la kwanza liwe jepesi, lililozimuliwa kama maagizo ya mkebe yasemavyo, lipate kunyweka. Piga msasa mwembamba, futa vumbi, paka tena, mara tatu au nne. Vichwa vipake kila vinaponyonya, mpaka vikatae. Ndani ya matundu tia vanishi kwa unyoya wa kuku au kijiti. Epoksi huharibiwa na jua ikabanduka, kwa hiyo upande wa juu ifunike kwa rangi ya mafuta.

Wengine hupenda mafuta ya kitani. Si mabaya, ila yataka kurudiwa kila mwaka. Lakini jihadhari: vitambaa vilivyolowa mafuta hayo vikirundikwa pamoja hupata moto vyenyewe, bila kiberiti, na kuteketeza nyumba. Vianike kimoja kimoja nje, au vizamishe katika ndoo ya maji.

Mafuta machafu ya gari, dawa ya mchwa, mrututu na kreosoti vyote huzuia kuoza, na vyote huua samaki. Kila tone la mvuke lililogusa dawa hurudi tangini. Chandarua kilichotiwa dawa ya mbu nacho ni sumu kwa samaki. Kwa dirisha la hewa nunua wavu wa plastiki usio na dawa. Silikoni ya kuzibia nyufa iwe ile ya matangi ya samaki, kwani ile ya bafuni mara nyingi ina dawa ya kuua ukungu. Bawaba za shaba ziepuke pia. Kipande cha raba ya tairi chatosha, kikishikwa kwa parafujo zisizoshika kutu.

Unapounda kifuniko, kiinamishe kidogo, nyuma kiwe chini kuliko mbele kwa sentimeta 5, ili matone yatiririke badala ya kukaa. Karibu na ukingo wa chini, upande wa ndani, chimba mfereji mwembamba, au pigilia papi, tone lifike hapo lidondoke tangini lisiende kwenye maungio. Mfereji uchimbe kabla ya kupaka vanishi. Acha dirisha la wavu pande mbili ili mvuke utoke na hewa iingie.

Vanishi hukauka kwa mkono siku moja, lakini haijaiva. Ngoja siku 14 kifuniko kikiwa kivulini penye upepo. Ikiwa pua yako ingali yasikia harufu, ngoja zaidi. Kisha chukua kipande cha ubao ulichokipaka siku ile ile, kioshe, kitie katika ndoo ya maji ya tangi pamoja na vifaranga wanne, na vifaranga wengine wanne katika ndoo ya pili isiyo na ubao. Baada ya siku tatu linganisha. Afadhali kupoteza wanne kuliko mia nne.

Mwenye kutaka taa ya umeme chini ya kifuniko asifanye mwenyewe. Amwite fundi wa umeme, na taa iwe ya namna isiyoingia maji.

Yule mzee wa Likoni amekwisha kata mbao mpya, naye amezipanga chini ya mwembe wake akingojea Januari. Kila Jumatatu huzipeleka dukani kuzipima, na mwenye duka ameanza kulalamika.